Kinachopona ni nini? Saikosisi kwa kijana wa transi, na kazi inayofanyika nyumbani

Dodoma tuna utani ambao wageni huushangaa. Mtu akisahau funguo mara mbili kwa siku, au akitoka na kandambili zisizofanana, ataambiwa, "Wewe huyu, kesho tunakupeleka Mirembe." Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu 1927, wagonjwa wametoka nchi nzima kuja kutibiwa pale, na bado jina lake tunalitumia kama tusi.

Juzijuzi nimepanda bajaji pale Jamatini kwenda Nkuhungu, nimekaa mbele na dereva. Nyuma yangu abiria wawili wanamjadili mtoto wa jirani yao.

"Si alitibiwa yule? Mbona bado anavaa vile na kujiita vile?"

"Basi hajapona. Si ndiyo ugonjwa wenyewe huo?"

Sikugeuka. Ninaye mmoja wa hivyo kwenye ukoo wetu, mtoto wa mama mdogo, na miaka mitatu iliyopita hata mimi ningejibu kama yule abiria wa pili. Swali lao lilikuwa la kweli kabisa: mtu wa transi akiugua akili, akatibiwa, akatulia, kinachotakiwa kupona ni kipi?

Tuanze na maneno, maana vurugu nyingi zinaanzia hapo. Jinsi ni habari ya mwili: mkunga anamtazama mtoto, anasema wa kiume au wa kike, inaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Jinsia ni namna mtu anavyojijua ndani yake, pamoja na vile jamii inavyomtarajia aishi. Kwa watu wengi haya mawili yanakwenda pamoja kama kinu na mchi, hata hawapati sababu ya kuyatenganisha. Kwa wachache hayaendani. Mtu aliandikwa wa kike lakini anajijua ni mwanamume, au kinyume chake. Huyo ndiye tunayemwita mtu wa transi. Magazeti hupenda kuandika "aliyebadili jinsia", na msomaji anafikiria upasuaji papo hapo, ilhali wengi wao hawajawahi kuguswa na kisu cha daktari. Huntha naye ni habari nyingine: huyo amezaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande mmoja.

Saikosisi nayo si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali, kama homa ilivyo hali. Ukimpeleka mtoto mwenye homa zahanati, hawampi dawa ya homa wakakuruhusu uondoke; wanatafuta ni malaria, ni mkojo, au ni kifua. Saikosisi vilevile. Mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaona maruweruwe, au ameshika imani ambayo hakuna ushahidi utakaoitikisa: kwamba anafuatiliwa, kwamba chakula kimetiwa sumu, kwamba wanaopita barabarani wanamsema. Maneno yake yanaweza kurukaruka hadi usiambulie kitu. Nyuma ya hali hiyo inaweza kuwepo skizofrenia, sonona kali, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, bangi au pombe, malaria iliyopanda kichwani, kifafa, maambukizi ya ubongo, au siku za mwanzo baada ya kujifungua. Ndiyo maana daktari mzuri hupima damu kwanza.

Kinachotokea ndani ya kichwa nilikielewa siku nilipofananishiwa na mlinzi wa usiku. Mlinzi mzuri anajua sauti ya jani na sauti ya mwizi. Jani likidondoka, anaendelea kunywa kahawa yake. Ubongo una kazi kama hiyo, na mojawapo ya kemikali zinazoifanya inaitwa dopamini: ndiyo inayogonga kengele kwamba hiki ni muhimu, kitazame. Kwenye saikosisi mlinzi anapiga filimbi kwa kila jani. Gari jeupe lililoegeshwa ni muhimu. Kikohozi cha jirani ni muhimu. Na binadamu akiambiwa na ubongo wake kwamba kila kitu kina maana, atatunga hadithi ya kuviunganisha, na hadithi hiyo itakuwa ya kutisha.

Hali hii mara nyingi huanza kati ya miaka ya mwisho ya utineja na miaka ya ishirini na kitu. Ndio umri wa chuo na wa kutafuta kazi, na ndio umri ambao vijana wengi wa transi hupata ujasiri wa kuwaambia watu wao kuhusu nafsi zao. Mambo mawili yakitua msimu mmoja nyumba moja, jirani anayafunga kamba moja. Ukitazama kalenda, utaona kosa lake linaeleweka.

Madaktari hawayafungi pamoja. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kuainisha magonjwa. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Humo, suala la jinsia kutoendana na jinsi limetolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya kujamiiana, ili anayehitaji huduma asikose, lakini asihesabiwe mgonjwa wa akili kwa sababu hiyo peke yake. Saikosisi imebaki palepale, kwenye magonjwa.

Sasa nisifiche jambo. Hutokea, mara chache, mtu aliye ndani ya saikosisi akaamini kwamba mwili wake umegeuzwa usiku na wachawi, au amewekewa viungo vya mtu mwingine. Familia ikisikia hivyo, inasema, ona, ni kitu kilekile. Daktari anatofautishaje? Anauliza habari za muda. Aliyeishi Dodoma anajua korongo. Miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita. Kati ya Desemba na Aprili mvua inanyesha vilimani, na korongo linashuka na magogo, matope, hata kuku wa watu. Maji yakikauka, yaliyoletwa na maji yanaonekana wazi, na mbuyu uliokuwa ukingoni tangu zamani upo vilevile. Imani ya ugonjwa huja na mafuriko na kwa kawaida hupungua yanapopungua. Utambulisho wa mtu ulikuwepo kabla, na utakuwepo baada.

Mdogo wangu, yule mtoto wa mama mdogo, alimwambia mama yake kuhusu nafsi yake akiwa kidato cha tatu. Sauti zilianza akiwa na miaka 22. Miaka yote ile ya katikati alikuwa anasoma, anafua, anacheka, anaiba ubuyu wa Bibi. Sitasema kwenye kadi ya kliniki aliandikwa nini. Kiswahili kinaniruhusu nisiseme, na nitarudi kwenye ruhusa hiyo baadaye.

Je, kuwa transi ndiko kulikomletea? Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba vijana wa transi wanasumbuliwa na matatizo ya akili kuliko wenzao, na watu huishika habari hiyo kama ushahidi. Lakini hebu tazama maisha yenyewe. Matusi njiani kila siku. Kufukuzwa nyumbani, kulala kwa marafiki zamu kwa zamu, kuogopa kukaguliwa kitambulisho, kukosa usingizi, kuvuta bangi ili usiku upite. Mtu mwenye mwelekeo wa ugonjwa katika damu ya ukoo wao, ukimpandishia mzigo huo, mgongo unavunjika. Kwetu sisi babu mmoja wa upande wa mama aliwahi kufungwa kamba miaka mingi huko kijijini. Hakuwa transi. Jambo hilo tulilikumbuka tumeshachelewa.

Dalili ya kwanza ilikuwa redio. Alikuwa amekwenda kupumzika kwa Bibi, wilayani Chamwino, na Bibi hakosi taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Siku moja mdogo wangu akainuka akaizima. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaeleza: mtangazaji anamsema yeye, anatumia majina ya mawaziri kama mafumbo. Bibi alinipigia simu. Nikaongea naye, nikamwambia aache ujinga, anamsumbua mzee wa watu. Natamani ningeyarudisha maneno yale, si kwa sababu yalimuudhi tu, ila yalimfundisha kunyamaza. Miezi minne ikapita akificha. Na katika saikosisi muda una bei: kadiri inavyokaa bila matibabu, ndivyo kupona kunavyokuwa kuzito.

Hapo katikati mama mdogo alimpeleka kwenye maombi. Walimwambia ana mapepo mawili, moja la sauti, jingine la "kujifanya", na wakampa siku tatu za mfungo mkavu na mikesha. Sina ugomvi na maombi. Bibi anamwombea mpaka leo, kila alfajiri, na naamini yanawasaidia wote wawili. Lakini ubongo ulio kwenye saikosisi ukinyimwa usingizi na chakula unazidi kuchafuka. Na lile pepo la pili, majaribio ya kulitoa yana historia yake hospitalini pia. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha madaktari wa afya ya akili kilitamka kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi kuwa mvuto wa mapenzi wa mtu unaweza kugeuzwa, na kwamba kutibu kitu ambacho si ugonjwa ni kinyume cha maadili. Alirudi amepungua, anaogopa maji ya bomba.

Kituo cha kwanza tulichompeleka sikitaji. Dirishani kuna fomu yenye visanduku viwili, ME na KE. Karani akatazama fomu, akamtazama mgonjwa, akaita jina la cheti kwa sauti ya mnada. Benchi zima likageuka. Mtu ambaye tayari anaamini dunia nzima inamtazama, sasa dunia nzima inamtazama kweli! Alitoka mbio, tukampata jioni stendi.

Mahali pa pili palikuwa na nesi wa makamo, amevaa sweta juu ya sare. Alivuta kiti akakaa karibu, akauliza, "Mwanangu, nikuiteje?" Akajibiwa. Akaliandika jina lile kwa penseli pembeni ya jina la cheti, akaendelea na maswali: umelala lini, unakula nini, sauti ni ya mtu unayemjua, inakuamuru ujidhuru? Jalada halikubadilika, sheria haikuvunjwa. Wodi ilikuwa ya upande mmoja kama zilivyo zote, ila alipewa kitanda karibu na meza ya manesi. Ninapoulizwa huduma inayomjali mgonjwa ni nini, hiyo penseli ndiyo jibu langu. Aliyeitwa kwa jina lake alikubali kidonge. Kule kwingine hatukufika hata kwenye kidonge.

Kuhusu dawa kuna mengi ya kusema, maana ndiko uvumi ulikojaa. Dawa za saikosisi kama haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini zinamtuliza yule mlinzi asipige filimbi ovyo. Kelele hupungua ndani ya siku au wiki. Imani zilizoshika mizizi huchukua muda zaidi. Dawa hizi hazileti ulevi kama pombe au bangi. Wanaosema "zinamfanya mtu zezeta" mara nyingi wamemwona mtu aliyekakamaa, anatoa udenda, anatembea kama roboti. Hayo ni madhara ya kweli, na yana dawa: kipimo kinapunguzwa, kinabadilishwa, au anaongezewa Artane, kidonge cha kupunguza kukakamaa. Olanzapini nayo huongeza hamu ya kula. Mdogo wangu aliongezeka mpaka suruali zikagoma.

Kuna dhara moja ambalo watu wa transi wanapaswa kuambiwa mapema na ambalo sikuwahi kusikia likitajwa dirishani. Baadhi ya dawa hizi, hasa risperidoni na haloperidoli, hupandisha homoni iitwayo prolaktini, ileile inayoleta maziwa kwa mama. Kifua kinaweza kuvimba au kutoa maziwa, hedhi inaweza kukatika, hamu ya mapenzi kushuka. Mtu yeyote angeshtuka. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari ni uwanja wa vita, inaweza kuwa sababu ya kutupa vidonge chooni bila kumwambia mtu. Akimweleza daktari, zipo dawa nyingine zisizopandisha prolaktini kiasi hicho. Vilevile kama anatumia homoni, hata zile za kununua kienyeji, daktari anahitaji kujua, apime presha na damu, aone zinavyokaa na dawa mpya. Familia isizinyang'anye homoni kama adhabu, na kijana asizifiche kwa woga. Najua woga huo una sababu hapa kwetu. Anaweza kuomba azungumze na daktari peke yake, mlango umefungwa. Siri ya mgonjwa ni wajibu wa daktari.

Na dawa haziachwi siku mtu anapopata nafuu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa aliyepata saikosisi, ni kuendelea miezi mingi baada ya dalili kuisha, kisha kupunguza kwa ushauri wa daktari. Yule anayesahau vidonge anaweza kuchomwa sindano ya mwezi.

Sasa nyumbani. Miaka ya 1950, London, mtafiti George Brown alikuwa akifuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Alitegemea waliorudi kwa familia zao wafanye vizuri kuliko waliokwenda kupanga chumba. Haikuwa hivyo kila mara. Yeye na wenzake wakaanza kusikiliza familia zinavyozungumza, na baada ya miaka ya kazi wakaona jambo ambalo limethibitishwa nchi nyingi: nyumba yenye lawama, maneno makali, au kumkalia mgonjwa juu ya kichwa mchana na usiku, humrudisha hospitali upesi zaidi kuliko nyumba tulivu. Brown hakusema familia ndiyo inayoleta ugonjwa. Alisema ukali wa nyumbani humchosha mtu ambaye mlinzi wake bado ana wasiwasi.

Rudisha hilo kwa kijana wa transi. Mwenzake anarudi nyumbani kubishana kuhusu vidonge na kuoga. Yeye anarudi kwenye kikao cha ukoo kuhusu yeye ni nani. Mjomba wetu alitaka kikao hicho wiki ya kwanza, watu wakae, lijulikane moja. Bibi akakataa. Alisema mtu akitoka kwenye maji, anakaushwa kwanza.

Namna alivyomkausha ni ya lugha tu. Kiswahili hakina "yeye wa kike" na "yeye wa kiume". Kigogo chake nacho hakina. "Amekuja", "amelala", "mpe chai": hakuna anayechagua upande. Ugomvi upo kwenye kaka, dada, binti, na kwenye jina. Bibi akaviweka kando vyote, akabaki na "mjukuu wangu". Mama mdogo akachukua "mwanangu". Mimi nina "mdogo wangu" mpaka leo. Hakuna aliyeshinda mjadala, na mjomba bado hajakubali lolote, lakini kwa miezi sita hakuna aliyesutwa wakati wa ugali na mlenda. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba "mjukuu wangu" lilikuwa neno pekee ambalo zile sauti hazikuweza kuligeuza kuwa tusi.

Kuhusu sauti zenyewe tulifundishwa na nesi yule wa penseli. Usibishane nazo, usizikubali. Akisema, "Wanasema wataniua," usijibu, "Hakuna kitu hapo," wala usishike panga kumsaidia kulinda mlango. Sema, "Mimi siwasikii, lakini naona unaogopa. Nikae na wewe?" Bibi aliongeza la kwake: anampa kazi ya mikono, kuchambua choroko kwenye ungo. Sijui kama hiyo imo kwenye mwongozo wowote. Ilifanya kazi.

Wanaouliza kama watu hawa ni wa hatari: wengi hawamdhuru yeyote, na wao ndio wanaopigwa mara nyingi zaidi. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtu, usingoje kesho, mpeleke hospitali usiku uleule.

Kupona kunafananaje? Hata kwa skizofrenia, ambayo ni miongoni mwa sababu nzito, Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu 1 kati ya 3 atapona kabisa, na wengine wengi huishi vizuri dalili zikiwa zimepungua. Mdogo wangu anatengeneza simu Majengo, nusu siku. Akifanya siku nzima usingizi wake unaharibika, na ukiharibika tunajua kinachofuata. Anasikia sauti moja bado, kwa mbali, anapochoka. Anaiita jirani wa upande wa pili. Jina lake ni lilelile la kwenye penseli. Hilo ndilo ningewajibu abiria wa bajaji: korongo limekauka, na ule mbuyu haukuwahi kuwa mafuriko.

Tuliandika naye dalili za kutuamsha mapema, kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa Bibi: kulala kwa muda usiofika saa nne, kuacha kula alichopika mtu mwingine, kuzima redio. Vidonge viko kwenye kopo la Blue Band, anavimeza taarifa ya habari ikianza, ndiyo saa yao.

Mwezi uliopita nilikuwepo. Mdundo wa taarifa ukapigwa, akameza, akanyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono akapunguza redio. Bibi akaacha ungo. Mimi nikaacha kutafuna.

"Bibi," akasema, "hii betri imekwisha, inakoroma. Kesho nakuletea nyingine Majengo."